Shuka Langu Kwenye Kamba za Watu

Jovina, anayekalia kiti changu tangu nilipostaafu, ameniomba niandike jinsi nilivyokuwa nachagua mitaa. Yeye na wenzake wanachagua kwa picha na kwa nyota ambazo wageni wanaziweka kwenye simu. Bado kuna wageni wanaorudi ofisini wamenuna, wakati nyota zilikuwa zimejaa. Mimi nyota siziamini. Mwenye nyumba ana shangazi, shangazi naye ana simu, na simu haiwezi kujua kama shangazi amewahi kulala pale.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Bukoba. Tuliwatafutia malazi watu wanaokuja mjini kupumzika siku chache: watumishi wa Dar wenye asili ya huku ambao hawataki kulala kwa ndugu, wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka visiwa vya Muleba, na maharusi ambao hawajawa tayari kuonana na mawifi. Watu walidhani kazi yetu ni vitanda. Kitanda unakikalia, kinalia au hakilii, umemaliza. Kazi ilikuwa mtaa, kwa sababu mtaa haulii mpaka umeshalipia.

Aliyenifundisha alikuwa Ta Projesti, yaani Mzee Projesti, mtu wa Izimbya, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mwavuli, viatu vya mpira na shuka jeupe. Nilijua nimeajiriwa kufua na nikakasirika kimoyomoyo. Tukapanda hadi kwenye nyumba moja iliyokuwa inatafuta wageni, akamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuanika lile shuka uani, akalibana vizuri kwa vibanio, akaniambia twende zetu.

"Tunasubiri nini, Ta?" nikamuuliza.

"Mvua."

Bukoba hiyo haichelewi. Iliponyesha na kukatika tukarudi, na hapo ndipo nilipoelewa kazi. Ukikuta shuka halipo, jibu umepata, ingawa usilimeze haraka, maana nimewahi kulikuta mdomoni mwa mbuzi wa mwenye nyumba mwenyewe. Ukilikuta palepale limelowa chapachapa, na watu wamekaa barazani wanalitazama, hiyo Ta Projesti aliiona mbaya kuliko wizi. "Mwizi anaweza kuhama," alisema. "Hawa hawahami." Lakini ukikuta limeanuliwa na mtu usiyemjua, na mtu huyo anakuuliza kwa ukali ni la nani, basi leta mgeni wako alale.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na shuka likabadilishwa mara nyingi kuliko wakubwa wa ofisi. Nilijifunza na mengine. Sikumwamini mwenye nyumba aliyeniambia hapa ni salama sana kabla sijamuuliza. Sikuamini maua yaliyopandwa jana, wala kufuli jipya kwenye mlango wa zamani, wala uwanja uliofagiwa mbele tu. Nilipoingia mtaa na kutembea hadi mwisho bila mtu kuniuliza namtafuta nani, niligeuza. Mume wangu alisema nina moyo wa polisi. Nilimjibu kwamba polisi wanakuja mambo yakishaharibika, mimi nakwenda kabla.

Usifikiri lakini kwamba mtaa mzuri ni mmoja kwa watu wote. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki wa visiwani, mtu wa miraba minne, aliyekuja kupumzika akisema amechoka na kelele za injini. Nikampeleka Kagondo, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, mahali ambapo hata jogoo anawika kwa aibu. Asubuhi alikuwa mlangoni kwetu na begi lake. Aliniambia kwa hasira kwamba pale pana jambo, haiwezekani watu wazima wakalala mtaa mzima na asikohoe hata mmoja. Nilimhamishia nyuma ya mashine ya kusaga, akapumzika vizuri sana.

Sasa nifike kwenye nyumba ya ziwani, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwa Ma Anatolia. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kukagua. Ina vioo vikubwa, nyasi hadi karibu na maji, na upepo unaokufanya usahau ulichofuata. Nikaanika shuka. Mvua ikaja na radi zake. Niliporudi, majirani wote walikuwa kwenye baraza zao na vikombe mkononi, na shuka langu limelala kwenye tope jekundu. Mmoja akanipungia mkono. Niliondoka nalo ndani ya ndoo, na nyumba ile sikumpangia mtu, ingawa mwenye nyumba alinisema vibaya kwa kila aliyetaka kusikia.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, kijana mmoja alitupigia kutoka Dar. Jina lake Revokatusi, sauti ya adabu, mtoto wa Muleba, upande wa Kamachumu. Alitaka mama yake, Ma Anatolia, apumzike mjini wiki moja. Mama ni mjane, alisema, tangu azaliwe hajawahi kukaa siku nzima bila jembe. Nilifurahi, kwa sababu si watoto wengi wanaoliona hilo. Kisha akaanza kutaja masharti.

Alitaka ile nyumba ya ziwani; ameona picha. Alitaka mtaa wa kimya, mbali na soko. Alitaka mama asikutane na watu wa kijijini kwao, kwa sababu watamchosha kwa habari. Na simu ya mama atabaki nayo yeye, ina matatizo ya chaji, anaipeleka kwa fundi.

Jovina, uliyekuwa meza ya pili, unakumbuka nilivyokata simu nikabaki nimeishika.

"Ma, huyo ni mtoto anampenda mama yake," ukaniambia.

"Anampenda. Mbona anataka asikutane na mtu?"

"Apumzike."

"Na simu?"

"Imeharibika, Ma. Simu zinaharibika."

Zinaharibika, kweli. Lakini mimi nimezaliwa kwenye kibanja, najua kinachotokea mama mjane akiondolewa kwenye kibanja wiki nzima, bila simu, mahali ambapo mtu wa kwao hapiti. Nimeona watu wakirudi kutoka msibani wakakuta mpaka umehama. Kwetu kibanja si shamba tu. Ndipo ulipoolewa, ndipo walipolala wazee wako, na ndipo utakapolala wewe. Kikienda, unabaki mgeni kwa watu hadi kufa. Nilimwona mama huyo, kabla hata sijamjua, akirudi na kikapu chake akute mlango umefungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

Nilimpigia Revokatusi nikamwambia nyumba ya ziwani siwapangii watu, nikamweleza na sababu. Alicheka kidogo kuhusu shuka. Nikamwambia nina nyumba mtaa wa Bakoba, humuhumu mjini, chumba kizuri, ua mpana, choo safi.

"Bakoba si kuna kelele?"

"Kuna watu," nikamjibu.

Akasema sawa, alikuwa na haraka. Haraka yake nayo niliiweka pembeni pamoja na yale mengine.

Nyumba ya Bakoba ilikuwa imepimwa na ikajibu kwa kishindo. Nilipofuata shuka siku ile ya kuipima, lilikuwa limekunjwa kwenye mkono wa jirani, Ma Koku, muuza dagaa na samaki wa kukausha. Aligombana nami mpaka majirani wakatoka. "Mnaanika halafu mnapotea. Mimi ni mtumishi wenu?" Ma Koku alikuwa na watu wake visiwani na Muleba yote, na gari lolote lililoleta ndizi sokoni kutoka huko lilipitia kwake kuchukua samaki kabla ya kurudi. Sitawadanganya kwamba nilimchagulia mama yule chumba kwa sababu ya choo.

Revokatusi alimleta mwenyewe kwa gari. Ma Anatolia alikuwa mama mwembamba, kitenge kipya, mgongo umenyooka ingawa mikono imejipinda kwa kazi. Mwanawe alimshika mkono akishuka, akamletea mto, akauliza kama maji ya kuoga yatakuwa ya moto. Nilimtazama nikitafuta uongo, nikaona mtoto mwema, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Alipofungua buti kutoa begi la mama, niliona kamba ya mafundi na vigingi vipya vya mti. Vigingi hivyo navijua. Vinapigwa ardhini mtu anapogawa kiwanja.

"Unajenga?" nikamuuliza, nikijifanya mjinga.

"Kuna kazi ndogo," akasema, akafunga buti haraka.

Nilitamani kumwambia Ma Anatolia palepale. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mwanao amekuletea mto, kwa hiyo ni mwizi? Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinikera siku zote zilizofuata. Kila nilipotoka ofisini nilipitia Bakoba kumwona.

Alinikaribisha kama niko kwake Kamachumu. Alifungua jani la mgomba lililokaushwa, akanitolea buni za kutafuna alizokuja nazo kutoka nyumbani, tukakaa barazani tukitafuna.

"Wameniambia nipumzike," alisema. "Wewe mama wa mjini, kunafanyikaje?"

Nikamwambia anakaa, anatazama watu, akichoka anatembea hadi ziwani. Akafikiri. Akasema yote hayo ameshafanya kabla ya chai. Alikuwa amefagia ua wa nyumba nzima, mbele na nyuma, na kumwonyesha mwenye nyumba migomba miwili inayohitaji kupunguzwa majani. Nikampeleka kwenye kanisa kuu, nikampeleka ufukweni akavua viatu akasimama majini muda mrefu, akicheka peke yake. Nilimpenda sana mama yule. Nikawa nampigia Revokatusi kumpa habari za mama, na kila mara nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakiitana na chuma kikigonga.

"Nyumba imebaki na nani, Ma?" nikamuuliza siku moja, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Revo. Amechukua likizo anilindie."

"Na anachofanya huko unakijua?"

Akanitazama. Macho yake hayakuwa ya mtu mzembe. "Waitu, ndugu yangu, wewe unaonekana hulali vizuri," akasema, akanipa buni nyingine.

Kesho yake nilimkuta ameketi kwa Ma Koku, wakichambua dagaa. Pikapu ya ndizi ikasimama. Dereva wake, kijana aitwaye Apolinari, aliposhuka na kumwona Ma Anatolia alivua kofia, akainama kumsalimu.

"Ma, kumbe uko huku? Sisi tulijua umetuhama."

"Nimehamia wapi tena?"

"Tumeona matofali yanashushwa kwako tangu juzi. Na mafundi wamejaa. Wanafyeka migomba ya nyuma ya jiko."

Mikono ya Ma Anatolia ikasimama juu ya ungo. "Nyuma ya jiko upande gani?"

"Kule kwenye mulamula mkubwa. Leo walikuwa wanapima msingi."

Mulamula ni ule mti tunaoupanda mipakani na mahali pengine panapohitaji kukumbukwa. Haufi hata ukiukatakata. Ma Anatolia aliweka ungo chini, akajikung'uta magamba mapajani. Hakulia wala kupandisha sauti. Alimwuliza Apolinari anarudi saa ngapi. Apolinari akasema akishapakia samaki.

"Pakia," akamwambia.

Nilipanda naye. Tulikaa mbele, watatu, na harufu ya samaki nyuma yetu. Hasira yangu ilikuwa inachemka, na tulipotoka mjini nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote: masharti ya Revokatusi, simu, vigingi, nilivyohisi kibanja kinauzwa. Nilisema tupitie kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza.

"Revo hawezi kuuza," akasema.

"Ma, wote husema hivyo."

"Hata akiuza, kilichouzwa kinaweza kudaiwa. Mimi naogopa jembe." Kisha akamwambia Apolinari aendeshe, barabara ilikuwa nzuri, alikuwa anaogopa nini.

Nilimtazama na sikuelewa. Njia nzima alikuwa ameshika ukingo wa kiti, akiuliza kila kilima kama bado. Mimi niliyezoea kushuku kila kitu nilikuwa nimekaa karibu na jambo nisilolijua, na nilijua tu kwamba tukichelewa halitarekebishika.

Tulipofika, mfereji wa msingi ulikuwa umeshachimbwa pande mbili. Kamba imevutwa kutoka pembe ya jiko la zamani hadi chini ya mulamula, na fundi mmoja alikuwa ameinua sururu. Hapakuwa na mnunuzi wala mpimaji. Palikuwa na matofali mengi, mifuko ya saruji, milango mipya iliyoegemezwa ukutani, na Revokatusi na dada zake wawili, viatu vimejaa udongo. Revokatusi alipomwona mama yake aliachia mikono.

"Mama, sasa umeharibu! Tulitaka urudi ukute nyumba imesimama hadi kwenye madirisha. Nyumba yako, yenye jiko la ndani, usinyeshewe tena."

Mama yake alimpita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mulamula, akavuka ile kamba, akaketi chini kwenye udongo mbichi, kitenge kipya na yote, akanyoosha miguu. Fundi akashusha sururu taratibu.

"Usichimbe hapa," akasema.

"Mama, ndipo palipo tambarare. Hapa hakuna kaburi. Baba yuko kule mbele."

"Hapa yuko kaka yako."

"Kaka yangu nani? Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ni wa pili, Revo."

Akawaeleza palepale, amekaa, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeelekeza njia. Mtoto wa kwanza aliishi hadi akaanza kukaa mwenyewe, akaondoka kwa homa. Baba yao alimzika nyuma ya jiko, karibu, ili mama amsikie. Yeye alipanda mulamula. Kisha baba akasema mtoto huyo asitajwe, watakaokuja wasije wakaogopa, na walipokuja hao wengine mama akawa hajui aanzie wapi. Kila siku alipoenda kupika alimsalimu. Jina la mtoto lilikuwa Deogratiasi.

Dada mmoja akaanza kulia. Revokatusi alikwenda akang'oa kigingi kilichokuwa chini ya mti, akaizungusha kamba mkononi hadi ikaisha, kisha akaja akaketi kwenye udongo pamoja na mama yake. Fundi aliuliza basi nyumba iende wapi.

Mimi nilisimama kando na shuku yangu yote mkononi, sina pa kuiweka. Yule kijana hakuwa mwizi. Lakini kama angemweka mama yake kwenye ile nyumba ya ziwani, kati ya watu wanaopunga mkono, sururu ile ingeshuka, kwa upendo wote. Apolinari akanirudisha mjini, na njiani nililia kidogo, nikisingizia samaki.

Wiki za mwisho za kazi yangu Revokatusi alipiga tena. Nyumba imehamia upande wa barabara, alisema, imeezekwa, rangi inakauka, na mama mwenyewe ametaka kuja mjini kumalizia mapumziko yake.

"Nimtafutie wapi?" nikamuuliza.

"Palepale penye kelele. Na tafadhali, Ma, pawe mahali ambapo watu wa kwetu watampata."

Nyumba ile ya Bakoba ilikuwa imeshapimwa, lakini mimi mtaa siuamini kwa sababu ulijibu vizuri mwaka uliopita. Watu wanahama, watu wanabadilika. Siku aliyofika Ma Anatolia, alipokuwa ndani anapanga nguo zake, nilianika shuka uani bila kumwambia mtu, nikaenda zangu sokoni. Mvua ikaja. Ma Koku, nilijua, alikuwa kwenye mazishi Kemondo siku hiyo.

Niliporudi kamba ilikuwa tupu. Kisha mlango ukafunguka akatokea Ma Anatolia, simu yake imening'inia shingoni kwa uzi, shuka langu limekunjwa chini ya kwapa.

"Shuka la nani hili?" akauliza kwa ukali, kama hanijui.

Nikamwambia ni langu. Akanitazama kwa mashaka kuanzia viatu hadi mwavuli, hakulitoa.

"Mbona uliliacha peke yake?"